Habari za George Washington

George Washington alizaliwa mwaka 1732 katika nchi ya Virginia, iliyokuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 11 baba yake alifariki, na masomo yake ya shuleni hayakuwa mengi. Alijifunza kazi ya kupima ardhi, akazoea kulala mwituni. Kisha akawa askari. Mwaka 1755, Waingereza walipopigana na Wafaransa, farasi wawili aliowapanda waliuawa, na risasi nne zikatoboa koti lake, naye hakupata jeraha.

Hata mwaka 1775 makoloni 13 ya Marekani yalipoanza vita juu ya mfalme, Washington aliwekwa kuwa jemadari mkuu. Hakuwa mtu wa kushinda kila siku; mara nyingi alirudi nyuma, lakini jeshi lake halikutawanyika. Kambini Valley Forge, katika baridi ya mwaka 1777 na 1778, askari wengi hawakuwa na viatu, na watu wapatao 2,000 walikufa kwa maradhi. Mwaka 1781, kwa msaada wa Wafaransa, aliwashinda Waingereza huko Yorktown.

Ndipo ilipotokea hatari nyingine. Maofisa wake walikuwa hawajalipwa mishahara kwa muda mrefu, wakaanza kunong'onezana kwamba afadhali walitishe Baraza la nchi kwa silaha. Machi 1783 Washington aliingia mkutanoni mwao, karibu na Newburgh, pasipo kutazamiwa. Akawaonya, lakini nyuso zao zilikuwa ngumu. Kisha akatoa barua ili awasomee, akashindwa kuyaona maandiko, akavaa miwani, ambayo wengi hawakupata kumwona nayo. Akawaomba radhi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechakaa katika utumishi. Wengine wakalia, na shauri lile likavunjika.

Tarehe 23 Desemba mwaka ule ule, huko Annapolis, alilirudishia Baraza cheo chake, akaenda zake shambani kwake Mount Vernon. Mwaka 1789 akawa rais wa kwanza wa Marekani, na mwaka 1797 akaondoka kwa hiari yake.

Walakini mtu huyu aliyepigania uhuru alimiliki watumwa tangu utoto wake. Alifariki tarehe 14 Desemba 1799, na wasia wake uliagiza watumwa wake mwenyewe, zaidi ya 100, waachwe huru mkewe atakapokufa. Bibi Martha hakungoja hata kufa kwake. Aliwaacha huru mwanzo wa mwaka 1801. Lakini wale waliotoka katika urithi wa mume wake wa kwanza walibaki utumwani.