George Lawrence: Aliyepandisha kamera angani kwa tiara

KABLA ya ndege na droni, mtu aliyetaka kuuona mji mzima katika picha moja alikuwa na njia chache. Apande mlima, ajenge mnara au aingie ndani ya puto. George Lawrence, mpiga picha wa Chicago nchini Marekani, alijaribu zaidi ya moja, na puto nusura limtoe roho.

Kilichompatia jina ni kitu ambacho watoto wetu hukitengeneza kwa vijiti na mifuko ya plastiki: tiara, ambayo wengine huiita kishada.

Lawrence alizaliwa Februari 24, 1868 katika mji wa Ottawa, jimbo la Illinois. Hakuanzia studio. Kazi yake ya awali ilikuwa katika kiwanda cha magari ya kukokotwa na farasi, na humo ndimo alimozoea kuunda vifaa kwa mikono yake. Mwaka 1891 akaingia katika biashara ya picha mjini Chicago, akawa anajitangaza kwa wateja kuwa yale yaliyowashinda wengine ndiyo kazi yake.

Halikuwa tangazo tupu. Mwaka 1900 kampuni moja ya reli ilitaka picha ya treni yake mpya, treni nzima katika picha moja. Lawrence akaunda kamera iliyopokea kioo cha urefu wa futi 8 na upana wa futi 4 na nusu, kamera iliyohitaji watu 15 kuiendesha. Picha hiyo ilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka huo huo na kupata tuzo.

Hata hivyo, ardhini hapakumtosha. Wenye viwanda na viwanja walitaka kuona mali zao kutoka juu, nao walikuwa tayari kulipa. Lawrence akaanza kupanda ngazi ndefu na minara, kisha akaingia kwenye puto.

Mwaka 1901, akiwa juu ya Chicago kiasi cha zaidi ya futi 200, kikapu alichokuwamo kikachomoka kutoka kwenye puto. Nyaya za simu zilimpokea kabla hajafika chini, akatoka mzima. Tangu hapo alishika wazo moja: kamera iende juu, mpiga picha abaki chini.

Wazo hilo halikuwa lake wa kwanza. Mfaransa Arthur Batut alikuwa amekwisha kupiga picha kwa tiara mwaka 1888 katika mji wake wa Labruguière. Lakini kamera ya Batut ilikuwa ndogo. Lawrence alitaka kupandisha mzigo mzito, na tiara moja haiwezi kazi hiyo.

Jibu lake lilikuwa kuzifunga nyingi katika kamba moja, hadi 17, zikivuta kwa pamoja. Chini ya kamba hiyo alining'iniza kamera ya kilo zipatazo 22, akaiwekea mikono mirefu, nyuzi na kitu kizito cha kuituliza isiyumbe. Umeme ulipita katika kamba kutoka chini na kufyatua kamera. Picha ilipopigwa, mwavuli mdogo uliachiwa hewani, na walio chini wakajua kuwa kazi imekwisha, washushe.

Kisha ukaja mwaka 1906. Alfajiri ya Aprili 18, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa San Francisco, na moto uliofuata ukawaka kwa siku tatu. Watu zaidi ya 3,000 walipoteza maisha, majengo yapatayo 28,000 yakateketea, na zaidi ya nusu ya wakazi wakabaki bila makazi.

Wiki chache baadaye Lawrence alifika na tiara zake. Alizirusha kutoka kwenye chombo katika ghuba, kamera ikapanda hadi kiasi cha futi 2,000. Picha aliyoishusha ilikuwa na urefu wa futi 4, nayo inaonyesha gati, barabara kuu na mitaa iliyobaki kuta tupu, hadi upeo wa macho.

Aliyewahi kurudi kwao baada ya kukimbia anaelewa thamani ya picha kama hiyo. Nyumba ikishabomoka na alama zikapotea, swali la kwanza ni kiwanja kilikuwa wapi. Katika picha ya Lawrence nyumba hazipo, lakini barabara zipo, na kwa barabara mtu anaweza kuhesabu mpaka mlangoni kwake.

Picha hiyo pia ilikuwa bidhaa. Nakala moja iliuzwa dola 125, fedha nyingi kwa wakati ule, naye akapata kiasi cha dola 15,000, sawa na bei ya nakala 120. Ni wazi kuwa wengi waliounguliwa na nyumba zao hawakuwa miongoni mwa wanunuzi.

Mwaka 1909 Lawrence alikuja Afrika Mashariki. Pamoja na tajiri wa magazeti wa Chicago, William Boyce, aliingia kupitia Mombasa na kwenda Nairobi, akiwa na maputo, tiara na kamera za kupiga picha wanyama pori kutoka angani. Mwaka huo huo aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuwa Kenya akiwinda, na wasomaji wa Marekani walikuwa na hamu ya habari za huku.

Msafara haukufanikiwa. Kusafirisha mizigo mikubwa namna ile kulikuwa kazi na gharama. Zaidi ya hapo, lenzi zao zilifaa kupiga mji mzima, si mnyama mmoja aliye mbali. San Francisco ilitulia ikapigwa picha. Pundamilia hawasubiri tiara 17 zipande.

Mfanyabiashara yeyote wa mpakani analijua kosa hilo. Bidhaa iliyotoka sana soko moja huvushwa kwa wingi hadi soko jingine bila kwanza kupeleka furushi dogo la majaribio. Mtaji hubaki njiani.

Baada ya safari hiyo Lawrence aliiacha picha na kugeukia uundaji wa ndege. Alifariki Chicago Desemba 15, 1938 akiwa na umri wa miaka 70.

Njia yake bado inafuatwa na watu wachache, na kuianza hakuhitaji mtaji mkubwa. Anza na tiara pana bila kamera, siku ya upepo wa wastani usiokatika, mpaka ujue kuituliza. Kamera nyepesi ifungwe kwenye kamba, chini kidogo ya tiara, si kwenye tiara yenyewe, ili isirushwe huku na huko. Vaa glavu, maana kamba hukata. Kaa mbali na nyaya za umeme na viwanja vya ndege, na palipo na ulinzi kama mpakani, omba ruhusa kwanza.

Lawrence aliponea kwenye nyaya mara moja tu, na hakurudi kujaribu bahati hiyo.