Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na jembe la mgeni

Kila tarehe 14 Oktoba Watanzania hukumbuka kifo cha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na sisi Wakatoliki tuna sababu ya ziada ya kumkumbuka, kwa kuwa Kanisa limempa jina la Mtumishi wa Mungu tangu mwaka 2005, mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulipoanza katika Jimbo la Musoma. Huku kwetu Shinyanga, Kahama na Geita jina lake hutajwa pia mahali pengine. Hutajwa siku walengwa wa TASAF wanapokusanyika kwenye ofisi ya kijiji kupokea ruzuku yao. Wapita njia huwaita wavivu, na wengine huwaita kupe. Kisha atatokea mmoja wa kukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwamba hayo ndiyo mafundisho ya Mwalimu.

Tumeona vema kuyasimulia maisha yake tukilitazama jambo hilo moja: je, Mwalimu aliwaonaje watu wanaokula bila kuwa wamelima? Tunaamini kwamba wengi wetu tumebeba nusu ya mafundisho yake, na nusu nyingine tumeiacha njiani.

Mtoto wa Butiama

Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, naye mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wenzake. Katika mji mkubwa wa namna ile mtoto hujifunza mapema kwamba wanaokula ni wengi kuliko wanaolima, maana wamo wachanga, wagonjwa, wajane na wazee, na wote ni watu wa nyumbani.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, na mwaka 1937 alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1943, alibatizwa katika misioni ya Nyegina na kuchukua jina la Julius. Alisoma Makerere, akafundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, chini ya mapadre wa White Fathers, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alikohitimu mwaka 1952.

Hapa tusimame kidogo. Kijana huyo hakwenda Edinburgh kwa mali yake. Alikwenda kwa ufadhili wa serikali, yaani kwa fedha ambazo hakuzitolea jasho. Aidha, aliporudi na kuongoza TANU iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, alilazimika mwaka 1955 kuacha kazi yake ya ualimu Pugu, na hivyo kuacha mshahara, akiwa tayari amefunga ndoa na Mama Maria. Katika miezi ile alirudi Musoma akawafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Rais wa baadaye wa nchi hii alijua maana ya kukaa bila kipato cha uhakika huku nyumbani kuna watu wa kulishwa.

Jembe la mgeni

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, Januari 1962, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili kukijenga chama, na katika kipindi hicho aliandika kijitabu chake kuhusu ujamaa. Humo ndimo alimoitumia methali ya mgeni na jembe. Alifundisha kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu mwenye nguvu alifanya kazi, na kwamba uzururaji ulikuwa aibu.

Lakini katika maandiko hayohayo alieleza jambo la pili, nalo hulisikii kwenye foleni za ruzuku. Alieleza kwamba katika jamii ile mtu hakufa njaa kwa sababu tu hana mali yake mwenyewe, kwa kuwa utajiri wa jamii ulikuwa pia wake. Mzee aliyeonekana kula bila kulima hakuwa mnyonyaji. Alikuwa amekwisha kulima katika ujana wake, na sasa jamii ilimrudishia. Kwa Mwalimu, wajibu wa kufanya kazi na haki ya kutunzwa vilikwenda pamoja, na aliyekata kimoja alikuwa amevunja vyote viwili.

Methali yenyewe, tukiisikiliza vizuri, inasema hivyohivyo. Mgeni anakula kwanza kwa siku mbili, wala haulizwi maswali. Siku ya tatu anapewa jembe. Hafukuzwi wala hatukanwi. Na mwenyeji anayempa jembe sharti awe nalo hilo jembe, na awe na shamba la kumwonyesha. Sisi tunaoitaja methali hii mbele ya bibi mwenye umri wa miaka 75 anayelea wajukuu wanne, tumemwandalia jembe gani, naye atalishika kwa mikono ipi?

Wasukuma wanaielewa hekima hii kwa njia ya ngitili. Masika mfugaji huzuia mifugo isiingie katika eneo lile ili majani yakue, na kiangazi kikiwa kikali ng'ombe dhaifu na ndama huingizwa humo. Hakuna anayeona kwamba ndama wanadekezwa. Ngitili iliwekwa kwa ajili ya siku hizo.

Kupe walikuwa akina nani?

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Azimio lilitaka nchi isiyo na watu wanaoishi kwa jasho la wengine. Hata hivyo liliwataja wazi wale ambao wana haki ya kutofanya kazi: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu wasioweza kazi, na wale ambao dola kwa wakati huo haikuweza kuwapatia kazi. Kundi hilo la nne lina uzito mkubwa, kwa maana linakiri kwamba mtu anaweza kuwa na nguvu na nia, na bado akakosa pa kuzitumia. Msomaji wa Injili atawakumbuka wale waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja jioni kwa sababu hakuna aliyewaajiri, na ambao mwenye shamba la mizabibu aliwalipa ujira wa siku nzima.

Maneno makali ya unyonyaji na ukupe, basi, yalielekezwa juu. Azimio liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, kupangisha nyumba na kumiliki hisa katika makampuni. Mwalimu alianza na nafsi yake: Oktoba 1966, miezi michache kabla ya Azimio, alikuwa amepunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio. Katika muda wa nusu karne neno lililotungwa kwa ajili ya wakubwa limeshuka ngazi, na leo tunamrushia mjane. Tunaona inafaa lirudishwe lilikotoka.

Alipopungukiwa

Kanisa halijatoa hukumu juu ya utakatifu wa Mwalimu, na heshima yetu kwake haitudai tuyafiche magumu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi nchini, wakiwamo wa mkoa wa Shinyanga, walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na baadhi yao waliacha mashamba na nyumba zao. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi. Jijini Dar es Salaam watu wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini, na katika msako huo waliingia pia wang'arisha viatu na wachuuzi waliokuwa wakijitafutia riziki halali. Wengi walirudi mjini muda si mrefu baadaye.

Tunajifunza nini? Kwamba hata serikali ya mtu aliyewapenda maskini inaweza kuwageuza maskini kuwa watuhumiwa, pindi inapoanza kuuliza nani mvivu kabla ya kuuliza kazi iko wapi. Huku kwetu tunajua dharau huishia wapi. Tumeona vikongwe wakishukiwa uchawi kwa macho yao mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka mingi, na wapo waliouawa kwa shutuma hiyo. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, baadhi ya watuhumiwa waliteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola, na Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliwajibika kwa kujiuzulu. Uongozi wa Mwalimu ulikubali kwamba hata mtuhumiwa ana utu usiogusika. Je, si zaidi sana yule ambaye kosa lake ni umaskini tu?

Imani yake

Mwaka 1970, mwezi Oktoba, Mwalimu alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Wamisionari wa Maryknoll ndio walioongoza uinjilishaji wa Shinyanga na Musoma kwa miaka mingi. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini litapoteza maana kwa watu. Aliwaeleza pia kwamba, kwa kuwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, yeye hakuweza kuikubali picha ya Mungu aliye fukara, mwenye hofu na aliyedharauliwa. Umaskini unaomvua mtu utu wake aliuona kuwa ni tusi dhidi ya Muumba.

Alihudhuria Misa kila siku alipoweza. Alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima, na katika uzee wake aliziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili. Mtu aliyeyapitia Matendo ya Mitume beti kwa beti aliyajua manung'uniko ya Yerusalemu juu ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wale wakatafute kazi. Waliteua watu saba wenye sifa njema ili ugawaji uwe wa haki. Aliyajua pia maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike kuhusu kazi na chakula, ambayo yanamhusu mtu asiyetaka kufanya kazi. Hayamhusu asiyeweza, wala aliyekosa. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Sisi na walengwa

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012, Mwalimu hakuuona. Kaya hutambuliwa kwanza katika mkutano wa kijiji. Familia zenye watoto hutakiwa kuwapeleka shule na kliniki, na wenye nguvu hupewa ajira za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara. Jembe, kwa maneno mengine, limo ndani ya mpango. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2010 huko Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, utafiti ulionyesha kwamba kaya zilizopata ruzuku zilielekea zaidi kujiunga na bima ya afya ya jamii, kufuga kuku na kuwavisha watoto viatu. Hizo si dalili za uvivu.

Katika ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Kakola hadi Nyarugusu, ni rahisi kuamini kwamba mwenye pesa amejituma na asiye nazo amezembea. Duara likitema, mtu hununua pikipiki wiki hiyohiyo. Likiporomoka, mke wake huwa mjane siku hiyohiyo. Vumbi la mawe hula mapafu polepole, na wanawake wanaoponda mawe na kuosha marudio jua zima wanaweza kurudi nyumbani bila nauli. Jirani tunayemcheka kwenye foleni huenda ameshika nyundo miaka mingi kuliko sisi.

Hatusemi kwamba orodha za walengwa hazina kasoro. Aliyeingizwa kwa upendeleo na aachwe, na aliyesahaulika aingizwe. Mahali pa kusema hayo ni mkutano wa kijiji, kwa sauti na kwa ushahidi. Wala Mwalimu asingemsifu kijana mwenye afya anayeshinda kijiweni akingojea pesa za bibi yake. Huyo naye apewe jembe, kwa upendo.

Tunawaalika viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na Caritas parokiani wafanye mambo matatu. Wawatembelee walengwa wa eneo lao kabla ya kuwasema. Wasiwahesabu kwanza kwa michango waliyolipa au waliyoshindwa kulipa. Na wale ambao hakuna orodha iliyowafikia, hasa wazee wanaoishi peke yao, wawe watu wa nyumbani mwetu.

Tumwombe Mungu, kwa ajili ya nchi yetu na kwa nia ya mchakato wa Mtumishi wake Julius, atujalie mikono isiyochoka kufanya kazi, na ulimi usiomdharau aliyeshindwa kuifanya. Amina.