Harold Wilson na askari wa ng'ambo

Sisi wa pwani wenye jamaa Aden na Ghuba yatupasa kumjua Harold Wilson. Alizaliwa Huddersfield mwaka 1916, akawa Waziri Mkuu wa Uingereza 1964. Mwanzo alishikilia askari wabaki mashariki ya Suez. Lakini pesa zikapungua: Novemba 1967 alishusha thamani ya pauni, na mwezi huo huo jeshi likaondoka Aden. Januari 1968 akatangaza watoke Singapore, Malaysia na Ghuba kufikia mwisho wa 1971. Marekani ililalamika, asisikie. Alifariki 1995.

Namsifu kwa kukata shauri, lakini tusijidanganye: kilichowaondoa ni mfuko, si huruma. Tukiitazama kambi ya Wamarekani pale Manda, Lamu, tuulize: nani alipa, na hadi lini?