John Howard, Sherifu Aliyeingia Jela Mwenyewe

Wenye vyeo wengi hutuma mtu. John Howard alienda mwenyewe. Mwaka 1773 alifanywa Sherifu Mkuu wa kaunti ya Bedfordshire, Uingereza, na jela ya kaunti ikawa mikononi mwake.

Alikuta nini huko ndani? Watu ambao korti ilishawaachilia, bado wamefungwa! Bwana jela hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada aliyowatoza wafungwa, hata wasio na hatia. Maskini asiye na kitu haendi nyumbani. Na kukaa mle si mchezo, kwa maana homa ya jela, ile inayoletwa na chawa, iliua wengi kuliko kitanzi.

Howard akaomba bwana jela alipwe mshahara. Mahakimu wakataka kwanza waonyeshwe kaunti nyingine inayofanya hivyo. Basi akapanda farasi, akazunguka kaunti jirani. Hakupata hata moja. Taabu ilikuwa ile ile.

Mwaka 1774 alitoa ushahidi Bungeni, na sheria mbili zikapita: aliyeachiliwa atoke bila kulipa, na jela zisafishwe, kuta zipakwe chokaa. Howard alichapisha nakala kwa pesa zake akazituma kwa mabwana jela, asije mtu akasema hakujua. Hata hivyo, aliporudi kukagua, wengi walikuwa hawajafanya lolote. Ndipo mwaka 1777 akatoa kitabu, jela moja moja kwa jina lake.

Alikufa kwa homa mwaka 1790 huko Kherson, akiwa bado katika safari za kukagua hospitali na magereza.