Dokta Aggrey Mwanafunzi

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Julai na Agosti, vijana wetu kadha wa kadha hufunga mizigo kwenda kusoma Marekani. Jamaa huchanga fedha, ng'ombe huuzwa, na siku ya kuagana uwanja wa ndege hujaa watu. Ikipita miaka minne na kijana hajarudi na shahada, minong'ono huanza kijijini. Sisi twaona ya kuwa hesabu hiyo ya miaka minne imewaonea wengi. Ndiyo sababu twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu habari za Mwafrika mmoja aliyekwenda kusoma Marekani, ambaye miaka 29 baadaye alikuwa angali akitafuta shahada yake ya mwisho, akafa kabla ya kuipata. Hata hivyo, katika zama zake jina lake lilikuwa mfano wa mtu aliyeelimika, toka Accra hata Nairobi na Dar es Salaam.

Mtu huyo ni James Emman Kwegyir Aggrey. Alizaliwa mwaka 1875 huko Anomabu, mji wa pwani katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Watu wake walikuwa Wafante, na baba yake alikuwa msemaji katika baraza la mfalme wa mji. Alisoma katika skuli ya misioni ya Wamethodisti huko Cape Coast, na alipokuwa na umri wa miaka kama 15 tu alikwisha kushika chaki kufundisha wenziwe. Usiku, kazi ikiisha, alijisomea mwenyewe. Alisaidia pia katika kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kifante, na mtu aliyepata kufanya kazi ya namna hiyo ajua jinsi inavyomfunza kijana kupima kila neno. Kabla ya kuondoka kwao alikuwa mwalimu mkuu wa skuli.

Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Wengi hudhani ya kwamba elimu ya Aggrey ilianza siku aliposhuka merikebuni Marekani. Sivyo. Msingi ulijengwa Cape Coast, kwa vitabu vichache na taa ya mafuta, na ng'ambo alikwenda kupandisha ukuta.

Aliyemwita ni Askofu John Bryan Small, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados, wa Kanisa la African Methodist Episcopal Zion, ambalo ni kanisa la watu weusi wa Marekani. Small aliwahi kukaa Gold Coast akajua Kifante, na nia yake ilikuwa kuwapata vijana Waafrika wasome kisha warudi kuwatumikia watu wao. Basi Aggrey akasafiri mwezi wa Julai 1898, akaingia Chuo cha Livingstone katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kimepewa jina la David Livingstone, yule yule aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872. Mtoto wake Robert alikuwa amejiandikisha askari katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, akatekwa, akafa katika kambi ya wafungwa hapo hapo Salisbury mwaka 1864. Hivyo mji ule mdogo ulikuwa na kumbukumbu ya Afrika kabla Aggrey hajaukanyaga.

Lakini asidhani msomaji kuwa mgeni huyu alifikia mahali pa raha. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1898, katika mji wa Wilmington wa jimbo hilo hilo, Wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji, wakaua watu weusi wengi na kuwafukuza wengine. Mwaka 1900 jimbo likabadili katiba yake ili kuwanyang'anya watu weusi kura. Mwaka 1906, Aggrey akiwa tayari mwalimu, umati wa watu uliwatoa watu weusi watatu gerezani pale Salisbury ukawaua. Mwanafunzi wa siku hizi hulalamika kwa baridi, chakula kigeni na upweke, na kweli hayo ni mazito. Aggrey aliyapata yote hayo, na juu yake akajua kwamba kuna njia za mji ambazo jioni haifai kuzipita.

Alifauluje, basi? Kwanza, hakujitenga. Chuo kilikuwa chini ya mkuu mweusi, Bwana William Harvey Goler, na walimu wake walikuwa watu weusi waliosoma sana. Kwa mara ya kwanza Aggrey aliona chuo kizima kikiongozwa na watu wa rangi yake, na twaamini ya kuwa jambo hilo lilimfunza kadiri ya vitabu. Pili, alijitia katika masomo yaliyokuwa magumu kwake, lugha za kale za Kilatini na Kiyunani, wala hakuchagua ya mkato. Mwaka 1902 alihitimu shahada ya kwanza kwa sifa.

Hapo ndipo hesabu ya kijijini ingemtaka arudi. Hakurudi. Chuo kilimtaka awe mwalimu, akakubali. Mwaka 1903 alipata daraja ya uchungaji katika kanisa lake, na mwaka 1905 akamwoa Rosebud Douglass wa Virginia. Wakazaliwa watoto. Mshahara wa mwalimu katika chuo maskini cha Kusini ulikuwa mdogo, na Aggrey alifundisha, akahubiri, na kuwahudumia wakulima weusi wa mashambani kandokando ya Salisbury. Wakulima hao walikuwa wamefungwa na madeni ya wenye maduka. Yeye akawasaidia kuanzisha chama cha kuweka na kukopa. Naam, mwenye Kiyunani chake akakaa na wakulima kuhesabu senti.

Mwaka 1912 Chuo cha Livingstone kilimpa shahada ya pili, na Seminari ya Hood, iliyo papo hapo Salisbury, ikampa udaktari wa theolojia. Toka hapo watu wakamwita Dokta. Mwingine angeridhika, kuna wanaoridhika na pungufu ya hapo. Lakini Aggrey alijua ya kuwa wakati anafundisha, elimu ya jamii, ya nafsi ya mwanadamu na ya kufundisha ilikuwa imekwenda mbele sana. Akikaribia umri wa miaka 40, mwenye mke na watoto, alianza kwenda New York wakati wa likizo za kiangazi kusoma Chuo Kikuu cha Columbia. Behewa za watu weusi zilitengwa katika reli za Kusini, na ndimo alimopanda. Likizo ikiisha hurudi kufundisha. Mwaka ukizunguka hurudi tena kuketi katika benchi la wanafunzi, pamoja na vijana ambao umri wao ulikuwa nusu ya wake. Hatujui heshima gani ipitayo hiyo ya mwalimu kukubali kusahihishwa tena.

Hatutaki kuficha upande wa pili. Mzigo wa masomo hayo aliubeba pia mkewe, aliyebaki na nyumba na watoto, na baadaye ukazidi. Maana mwaka 1920 Shirika la Phelps-Stokes la New York lilituma tume kuchunguza elimu katika Afrika, chini ya Bwana Thomas Jesse Jones, na Aggrey alikuwa Mwafrika pekee katika tume ile. Walizunguka Afrika Magharibi, Kongo, Angola na Afrika ya Kusini. Aliporudi akafululiza tena masomo ya Columbia, akapata shahada ya uzamili, akaingia katika maandalio ya udaktari wa falsafa. Mwaka 1924 akaitwa tena, tume ya pili, na safari hii ikafika kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Wazee wa wakati ule hawakumsahau. Walikuwa wamezoea kuona tume za Wazungu watupu zikiwauliza Waafrika maswali. Sasa wakamwona Mwafrika ameketi upande wa wenye kuuliza. Kleist Sykes wa Dar es Salaam alieleza katika habari za maisha yake ya kuwa alikutana na Aggrey mwaka huo, na kwamba ndiye aliyemshauri juu ya Waafrika kuanzisha chama chao. Mwaka 1929 chama hicho, African Association, kilianzishwa Dar es Salaam, na Sykes alikuwa mmoja wa waasisi. Hadithi ya Aggrey ya tai aliyelelewa pamoja na kuku, na mfano wake wa kinanda kisichotoa wimbo kamili bila vipande vyeusi na vyeupe pamoja, vilizagaa maskulini. Wako waliomwona mpole mno mbele ya wakoloni, na neno lao si la kupuuzwa. Ila mpole huyu alikuwa akiwaambia wakubwa wa serikali, uso kwa uso, kwamba Mwafrika aweza kusoma chochote ambacho mtu mwingine aweza kusoma, na tena kwamba wasichana wasiachwe nyuma.

Mwaka huo huo wa 1924 aliingia katika kazi ya kujenga chuo kipya cha Achimota, karibu na Accra, pamoja na Gavana Guggisberg na Mchungaji A. G. Fraser, yeye akiwa msaidizi wa makamu wa mkuu. Chuo kilifunguliwa rasmi mwezi wa Januari 1927, na nembo yake ina vipande vya kinanda, vyeusi na vyeupe.

Wakati huo Aggrey alikuwa na miaka 51, na jina lake lajulikana bara zima. Nani angemwuliza habari za shahada? Lakini kazi ya kuandika kwa ajili ya udaktari wa Columbia ilikuwa haijamalizika, naye aliomba likizo aende kuimaliza. Alifika New York katikati ya mwaka 1927. Hakukaa sana, aliugua ghafula, akapelekwa hospitali ya Harlem, na tarehe 30 Julai akafariki kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Alizikwa Salisbury, mji alioufikia miaka 29 nyuma yake. Mtoto wake mdogo, Rudolph, alikuwa na mwaka mmoja tu. Huyo baadaye alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Senegal.

Maandishi ya udaktari yalibaki hivyo hivyo. Kijana wa Kinijeria, Nnamdi Azikiwe, aliyemsikia Aggrey akihubiri, alikuwa amekwisha kwenda Marekani mwaka 1925. Kwame Nkrumah, aliyemwona pale Achimota, alimfuata mwaka 1935. Na mwaka ule ule wa 1927 alioaga dunia mwalimu wao, Mbiyu Koinange wa Kiambu aliingia Hampton, Virginia, kuanza masomo yake.