MUCHEZAJI WA SINEMA ALIYEFIKA KARIBU NA UBUNDU

Mara hii tunawapa maisha ya Humphrey Bogart, muchezaji mukubwa wa sinema wa Marekani.

Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899. Baba yake alikuwa munganga, mama yake muchoraji wa picha. Walitaka asome sana, lakini mu 1918 alifukuzwa masomo, akaingia jeshi la majini. Kisha akaanza kucheza teatri.

Musifikiri kama alipata jina mbio. Hapana! Mu 1935 alicheza muzuri sana huko New York pamoja na Leslie Howard. Mchezo ule ulipotaka kufanywa filimu, wenye kampuni walitafuta mutu mwingine. Howard akakataa kucheza bila Bogart. Ndiyo rafiki huyo! Hata hivyo, miaka ingine mitano walimupa tu kazi ya mwizi na muuaji, yule anayepigwa risasi mbele filimu haijaisha. Mu 1941, akiwa na miaka 41, ndipo akasifiwa kweli. Mwaka uliofuata akacheza Casablanca.

Mu 1951 alifika hapa kwetu, wakati wa Wabelgiji. Filimu The African Queen ilitengenezwa kwa mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, na tena Uganda. Ni habari ya vita ya 1914: mulevi mwenye mashua anamusaidia dada ya misionere wa Kimetodisti, na dada yule anamwanga pombe yake yote mutoni! Watu wengi wa kazi ile walishikwa na ugonjwa wa tumbo. Mu 1952 Bogart alipata zawadi ya Oscar sababu ya filimu hiyo.

Lakini sigara haikutoka mukononi mwake, na pombe kali vilevile. Kansa ikamushika mu njia ya chakula. Mu 1956 waganga walimupasua, haikusaidia. Alikufa tarehe 14 Januari 1957, na miaka 57 tu.

Wenzetu wanafunzi, tujifunze kwake uvumilivu wa kazi. Lakini sisi vijana tunapenda kuiga mambo ya sinema. Filimu zilionyesha moshi wa Bogart. Kitanda chake cha ugonjwa hazikukionyesha. Mwenye kukupa sigara ya kwanza nyuma ya darasa, umukumbushe habari hii.