Tom Mboya na Jiji Alilolijua kwa Miguu

Aghalabu maisha ya Tom Mboya husimuliwa kuanzia kwenye ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani mwaka 1959. Masimulizi ya namna hiyo huiruka hatua iliyomjenga, yaani miaka aliyoizunguka Nairobi akiwa mgeni mwenye daftari la ukaguzi mkononi.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mnyapara. Alisoma Yala na Mang'u hadi karo ilipomshinda baba. Mwaka 1948 akajiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya huko Kabete, na mwaka 1951 Baraza la Jiji la Nairobi likamwajiri.

Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Kwa Mwafrika, jiji hilo lilikuwa mahali pa kuuza nguvu zake, si pa kuita kwao. Mtaa wa Kariokor ni ushahidi. Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Kikosi kikavunjwa, jina likabaki, likalainishwa na ulimi wa Kiswahili hata wengi wasiijue asili yake. Mboya alipewa makao Ziwani, mtaa unaopakana na Kariokor.

Kazi ya bwana afya humfikisha mtu pasipofika mwanasiasa: uani, jikoni, buchani, chooni, mtaroni. Huko ndiko jiji husema kweli. Isitoshe, Mboya alijifunza ubaguzi ofisini mwake mwenyewe. Mshahara wake ulikuwa sehemu moja tu kati ya tano za ule wa mkaguzi Mzungu. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliyeleta maziwa ya kupimwa alimkuta peke yake, akamtazama, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu mle ndani.

Mwaka 1952 aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka uliofuata akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Hali ya Hatari ilikuwa imewazoa viongozi wengi. Katika msako wa Aprili 1954 pekee, zaidi ya watu 20,000 walikamatwa Nairobi na kutiwa kizuizini. Ni kweli, basi, kwamba alipanda penye pengo. Lakini vijana waliobaki huru walikuwa wengi. Aliyeyajua malalamiko ya mabweni na masoko hatua kwa hatua hakuwa kila mmoja wao.

Baada ya masomo ya Oxford na ziara ya Marekani mwaka 1956, aligombea kiti cha Nairobi Machi 1957 akamshinda wakili Argwings-Kodhek. Ukumbi wa Kaloleni ukawa jukwaa lake, Kiswahili kikawa chombo chake, na gazeti la chama chake likaitwa Uhuru.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipigwa risasi mchana alipokuwa akitoka katika duka la dawa, Government Road. Alikuwa na umri wa miaka 38. Akazikwa Rusinga, na barabara ya Victoria, katikati ya jiji, ikapewa jina lake.